Gaju Ana Homa, Védaste Anaficha

Kila asubuhi Védaste humkamua ng'ombe wake Gaju, na mkewe Kampire huteremsha maziwa hadi soko la Nyabiondo. Ng'ombe mwingine hawana. Gaju akifa, nyumba imekauka.

Siku ya chanjo ya kimeta, Gaju aliamka na makamasi. Alikohoa kama katekista kabla ya kuhubiri. Védaste akaogopa, maana kimeta kilikuwa kimeua ng'ombe kwenye kilima cha jirani. Chanjo ilikuwa lazima ipatikane leo! Akamfuta Gaju pua kwa jani la mgomba, ili asikataliwe kwa ugonjwa. Akamlambisha chumvi ili achangamke.

Emérita, munganga wa mifugo, akafika na sanduku lake la barafu.

"Huyu iko muzima kuliko miye!" Védaste alisema hata kabla ya salamu.

"Sijauliza kitu, Papa." Emérita akaingiza kipimo cha homa chini ya mkia. "Digrii makumi ine na moja, homa kali. Pua umesafisha vizuri. Huku nyuma umesahau."

Kampire akacheka mpaka akashika mti wa zizi.

"Mama, umuchanje tu!" Védaste akamwomba Emérita. "Si iko mugonjwa?"

"Chanjo haiponyeshe, Papa. Inafundisha. Inaonyesha askari wa mwili alama ya adui. Alama hiyo inaitwa antijeni. Sasa, mwili ukipigana na virusi, kama vya mafua haya ya Gaju, unatoa kitu kinaitwa interferon. Kinazuia virusi visizaane. Lakini watafiti waliona kwa panya: wakati mwingine interferon inatuliza askari wengine. Ukiwaonyesha alama mupya, hawaishike vizuri."

"Panya? Panya anakamuliwa wapi, Mama?"

"Kweli, panya si ng'ombe. Lakini kanuni yetu ni ya zamani: mwenye homa hachanjwi. Apone kwanza. Nitarudi."

"Na kimeta ikikutangulia?"

Emérita hakucheka. "Usimuchunge kule ng'ombe walikufa. Umukatie majani hapa, umupe maji safi."

Wiki mbili Védaste alipanda na kushuka kilima, majani kichwani. Homa ikaisha. Emérita akarudi, akapima, akachanja.

Mvua zilipoanza, kimeta kilivuka bonde. Gaju hakuanguka.

Jirani yao Viateur akaja kuuliza. "Ulimupa dawa gani?"

"Chanjo, akiwa muzima. Munganga anakuja kesho. Kwa ng'ombe wako kuna mwenye kukohoa?"

Viateur akatazama chini. "Hakuna... Moja tu."

"Basi," Védaste akasema, "huyo ndiye wa kwanza kumuonyesha munganga."