La Mkononi au la Chini

Apa kwanza. Shika rozari useme hili halitoki kinywani mwako, maana mimi nimewaambia wanawake wa jumuiya tu, na muuza maziwa kwa sababu aliuliza.

Flavia wa Old Moshi alikuwa anamfuata mumewe, Leodegar, Kanada. Miaka yote mume ni wa kwenye simu. Viza ikatoka, tiketi ikaja, sanduku jipya likanunuliwa. Akaliinua likiwa tupu, likamshinda.

"Shangazi, hili lina nini?"

"Magurudumu hayo," alisema Beatha, shangazi aliyemlea, mwenye duka la vitenge Soweto, hapa hapa Moshi. "Ya siku hizi mazito."

Wakalitundika kwenye mizani ya kahawa. Mshale ukashuka hadi uzito wa mtu mzima. Flavia akatia vitenge, akatia unga wa ndizi. Mshale haukusogea, kama vile aliyemo amekaa na anavipokea mapajani.

"Basi naliacha," alisema. "Nitabeba begi la mkononi tu."

Papo hapo sanduku likawa jepesi kama ganda la mgomba, na begi dogo, lenye sweta moja ndani, likaanguka puu! Chumba kikanuka udi na udongo mbichi.

Akaitwa katekista Vedastus. Akinyunyizia begi maji ya baraka, uzito unahamia sandukuni. Akinyunyizia sanduku, unarudi begini. Akavaa kofia yake.

"Binti, mimi silitoi. Nalihamisha tu."

Akaondoka bila kunywa chai, na Vedastus haachi chai ya mtu.

Mimi sisemi watu. Lakini Beatha alipokwenda Tanga zamani kutafuta bidhaa, alirudi na kitu. Duka likajaa, nyumba ikapukutika: mume, halafu Jacob, mwanawe wa pekee. Watu walinong'ona kwamba anafuga jini. Mimi nilinong'ona kidogo tu.

Jioni moja ya mvua Flavia aliketi katikati ya mizigo miwili akipima moyoni kwamba likienda chini, tumboni mwa ndege, angalau hatalisikia, lakini wakifika Leodegar atalibeba kwa mkono wake mwenyewe mpaka ndani, na likikaa juu, basi litakuwa utosini kwake bahari nzima; na akiwa bado anapima, zipu ya begi ikaanza kufunguka kutokea ndani, jino kwa jino, polepole, na sauti ya marehemu Jacob ikauliza kwa upole, "Flavia, tunakaa juu au chini?"

Hakupiga kelele. Alimfuata shangazi jikoni, akanong'ona, "Naenda mikono mitupu. Pasipoti na koti nililovaa, basi."

Kikombe kikamponyoka Beatha. "Mae! Mwanamke haendi kwa mumewe mikono mitupu! Watasemaje?"

"Waseme."

Uwanja wa ndege ulijaa ndugu. Flavia alisimama kwenye foleni bila hata kimfuko, na kwa mara ya kwanza tangu tiketi ije alikuwa anacheka. Beatha akaja kumkumbatia. Akamkumbatia, akaendelea kumkumbatia, mpaka Doris, mdogo wake Flavia, akapaza sauti:

"Shangazi! Mkono wako unafanya nini kwenye mfuko wa koti la dada?"

Watu wote wakageuka. Flavia aliingiza mkono wake humo humo, akaukuta wa shangazi, na kilichokuwa ndani akakitoa nje. Jani la isale.

Nawe unajua mila yetu Wachaga. Aliyekukosea akikuletea isale, ukishaishika umesamehe, hata kama kakuulia mtoto. Kosa lake unalimeza wewe.

"Nisamehe, mwanangu," Beatha alisema. "Jini hili limenimalizia wote wa nyumbani. Sasa lilitaka damu yangu niliyoilea, na mizigo umeikataa. Ningelipitisha wapi?"

"Lichukue jani lako."

"Halirudi. Umeshapokea."

Doris alikuwa amemkamata shangazi kifundo cha mkono, ndugu wanalia, askari anakuja mbio, na Beatha, aliyetembea akiwa amejikunja miaka yote, akanyooka mgongo mbele ya umati kama msichana.

"Dada, sogea basi," alisema abiria wa nyuma. "Ndege inatuacha."

Flavia akataka kuinua mguu. Haukuinuka.