Tonge la Tatu

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Séverin hakuyasikia maporomoko ya Tshopo.

Watu wa mtaa ule huzaliwa na mngurumo masikioni, huoana nao, huzikwa nao. Lakini Alhamisi hiyo, saa sita mchana, alipogusisha kalamu kwenye karatasi mezani, mngurumo ulikatika. Akainua kalamu. Ukarudi.

"Lucie," aliita kwa sauti ndogo, "unasikia chute, ile maporomoko?"

"Si nasikia kila siku," mkewe alijibu kutoka jikoni, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Andika ile karatasi, Papa Bibiche. Kesho iko vendredi."

Karatasi yenyewe ilikuwa neema. Séverin alikuwa msaidizi wa watafiti wa mpunga kule Yangambi, miaka tisa ya kuhesabu mashuke huku wenzake wakipanda vyeo. Sasa Wachina wa kisiwa cha Formosa walimpa nafasi ya kwenda kusoma miezi minane, arudi na diploma, awe mkuu wa sehemu. Achague tu mji mmoja kati ya miwili: Taichung, wanakofundisha kukoboa, au Tainan, penye joto kama la kwao, wanakofundisha mbegu. Asipojaza hadi Ijumaa, nafasi inakwenda kwa Hubert, mwenzake wa kazini.

Mnaweza kumcheka, ila mcheke kwa huruma. Maskini hakuwahi kuchagua kitu. Mke alitafutiwa na shangazi, kazi alipewa na padri, na hata kwenye kura ya mwaka uliopita zilikuwapo kadi mbili, ya kijani na nyekundu, na kila mtu alijua ipi ya kuchukua. Leo aambiwe achague! Wiki nzima alizunguka. Taichung. Hapana, Tainan. Hapana, Taichung. Mshika mbili moja humponyoka, naye hakutaka hata moja imponyoke.

Ndipo Jumapili akafanya walivyofanya wazee wake, watu wa mtoni. Alichukua kwanga, ule mkate wa muhogo, akaumega, akalipatia kila tonge jina la mji, akayatupa penye maporomoko. Litakalomezwa kwanza ndilo jibu. Maji yakayameza yote mawili kwa pamoja. Tangu siku hiyo karatasi ililala kavu na kuamka imelowa, na nyumba ikanuka muhogo uliolowekwa siku nyingi, wala Lucie hakuwa ameloweka kitu.

Sasa na kimya hiki. Séverin hakungoja chakula cha mchana, akamkimbilia Papa Alfani, fundi wa baiskeli, Mwislamu wa kutoka Kasongo aliyejua pia mambo ya majini. Alfani alimsikiliza huku akibandika kiraka.

"Ulitupa ngapi?"

"Mbili, papa. Miji iko mbili."

"Na ya tatu? Ile ya bila jina, ya mwenye maji?"

Séverin alikumbuka. Kweli, bibi yake alimega matatu daima.

"Nilikula," alinong'ona. "Njaa ilinishika mu njia."

Alfani aliweka kiraka chini. "Alors, ulikula sahani ya mwenye nyumba. Twende mbio, jua iko bado juu."

Kwanga waliinunua njiani. Pale kwenye mawe, Alfani alisoma dua kwa sauti ya chini, na Séverin akatupa tonge la Taichung likazama, akatupa la Tainan likazama, kisha akatupa la tatu, lisilo na jina, na hapo mngurumo ukakatika ingawa maji yaliendelea kuanguka mbele ya macho yao, meupe, mazito, bila sauti hata kidogo, na lile tonge likaibuka, likageuka, likaanza kupanda kinyume cha mkondo, polepole, kama mbwa anayerudi kwa bwana wake, mpaka likagusa kidole cha mguu wake na kutulia.

Alfani hakumtazama tena usoni. Alianza kurudi kinyumenyume.

"Mwenye maji anairudisha," alisema. "Hana lazima nayo. Iko na yake tayari."

"Yake gani? Papa Alfani! Yake gani?"

Mzee alikuwa ameshaondoka, na kandambili yake moja imebaki kwenye mawe.

Séverin alikimbia hadi nyumbani amejaa hofu, na hasira pia, hasira ya mtu aliyefungiwa nje ya maisha yake mwenyewe. Atachagua! Tainan, kwa kinywa chake mwenyewe, na liwalo na liwe. Alishika kalamu.

Karatasi ilikuwa kavu. Ilikuwa pia imeshajazwa, kwa mwandiko wake uleule wa kuhesabia mashuke. Mbele ya maneno "mji uliochaguliwa" paliandikwa: Tshopo.

Nje palikuwa kimya kabisa. Akafungua mdomo aseme Tainan.

"Papa Bibiche!" Lucie alipaza sauti kutoka jikoni. "Ni nani ameacha robinet wazi? Maji inalia mu nyumba yote!"

Séverin alifunga mdomo. Maji yakanyamaza.