Kinyozi Aliyefuta Reli

Kinyozi aliitambua sauti kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, jengo la maduka ya kompyuta limefurika watu, wauzaji wanawavuta wateja mikono, kila mlango unapiga muziki wake. Yeye alikuwa amekuja kununua mashine ya kunyolea tu. Ndipo, nyuma ya rundo la skrini kuukuu, akamsikia mwanamke akisema, "Sitaki mpya, kaka yangu. Nataka hii hii iishi."

Miguu ikasimama yenyewe. Sauti ile ilikuwa ikimmwagikia masikioni kila asubuhi kutoka kwenye spika za stesheni, ikiwaeleza abiria treni ipi imefika na ipi itachelewa. Mara nyingi alikuwa ameacha watu wampite mlangoni ili aisikilize mpaka mwisho.

Akazunguka lile rundo. Mwenye sauti alikuwa mwanamke mrefu, gauni la kijani limemkaa kama alizaliwa nalo, nywele amezifunga kitambaa cha njano, na kompyuta yake ya mezani ameikumbatia kama mama aliyeleta mtoto kliniki.

"Samahani, dada," Kinyozi akasema. "Wewe ndiye unayeniambia kila siku nisimame nyuma ya mstari."

Mwanamke akampima, kuanzia viatu vilivyong'arishwa hadi ndevu zilizochongwa kwa ustadi. "Na unasimama?"

"Kuanzia Jumatatu nitasimama."

Akacheka. Wenzake kazini walimwita Sauti, na kuanzia siku hiyo Kinyozi naye akamwita hivyo.

Shida yake ilikuwa hii: toleo jipya la mfumo endeshi aliokuwa akiutumia lilikuwa limeikataa kompyuta yake, eti imezeeka. Muuzaji alimshauri aitupe, anunue nyingine. Lakini nyuma ya kaunta alikaa mtu mwembamba, shati la kijivu, anachomelea waya. Watu wa jengo zima walimwita Fundi Kimya, kwa sababu maneno yake yalikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Akainua kichwa.

"Itaishi," alisema. "Tuweke mfumo wa Linux. Unaitumia kwa kazi gani?"

"Gemu. Za reli. Nasimika stesheni, natandika njia, napanga safari."

"Kazini treni, nyumbani treni?" Kinyozi akadakia.

"Za nyumbani hazichelewi," Sauti akamjibu.

Fundi Kimya akaweka chini kifaa chake, na kwa mara ya kwanza watu wa duka lile wakamsikia akiongea zaidi ya sentensi mbili. Alisema mfumo ule ni huria, wa bure, ila una matoleo mengi, na kila mtu achague linalomfaa. Kuna linalobadilika kila kukicha: linazipenda kadi mpya za picha, lakini leo linakwenda, kesho limekwama. Kuna lililotulia kama bibi kizee, halikusumbui wala halina haraka. Na kuna la katikati, lililokwisha kupangwa kwa ajili ya wachezaji, na mkalimani yumo ndani.

"Mkalimani wa nini?" Sauti akauliza.

"Gemu nyingi ziliandikwa kwa mfumo mwingine. Mkalimani anazitafsiria. Zenyewe hazijui hata kama zimehama nyumba."

"Basi nipe la katikati."

Kinyozi hakuelewa hata nusu. Lakini mtu anayeshinda siku nzima akitazama nyuso za watu kwenye kioo hujifunza kuzisoma, na uso wa Fundi Kimya ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa.

Hata hivyo, aliyepewa namba ya simu siku ile ni Kinyozi.

Mapenzi yao yakachanua upesi. Asubuhi Kinyozi alipita stesheni, akainua mkono kuelekea kibanda cha vioo cha mtangazaji huko juu, na Sauti, bila kukosea neno hata moja la tangazo, akamkonyeza. Jioni walitembea barabara ya maduka, yeye na shati lililopigwa pasi ya kisu, Sauti na viatu mkononi kwa sababu visigino vimemchosha.

"Hivi wewe, kunyoa watu siku nzima huchoki?" Sauti aliwahi kumuuliza kwenye simu.

"Nachoka. Nikikusikia napona."

"Muongo. Hilo umemwambia nani mwingine?"

"Mteja mmoja mwenye upara."

Tatizo lilikuwa Jumapili. Kila Jumapili alasiri, Sauti alikaa sebuleni kwa shangazi yake alikokuwa akiishi, akavaa hedifoni, akaingia kwenye reli zake. Na upande wa pili wa hedifoni alikuwepo Fundi Kimya. Ilianza kwa kumsaidia: kadi ya picha ilipogoma, dereva, ile programu ya kuiendesha kadi, ilipohitaji kubadilishwa, gemu ilipofunguka nyeusi tii. Kisha wakaanza kucheza pamoja, mmoja anatandika njia, mwingine anachimba mahandaki.

Kinyozi alikaa kwenye kochi, amevaa shati lake zuri kuliko yote, akawa kama mto wa kochi. Hakusikia alichosema Fundi, alisikia majibu tu.

"Ngoja, ngoja, daraja lako limepinda," Sauti alikuwa akisema. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha tumboni, ambacho Kinyozi hakuwahi kukitoa kwake.

"Amesema nini?" akauliza.

"Ukisimuliwa hakichekeshi."

Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki, hautemeki. Sauti ya stesheni walikuwa wakiisikia watu wote, hilo alikwisha kulikubali. Lakini ile ya hedifoni ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa yeye.

Akaamua naye acheze. Gemu pekee aliyoijua ilikuwa ya mpira, waliyokuwa wakiicheza vijana wa saluni. Akamwomba Sauti waicheze pamoja, kila mtu kwenye kompyuta yake. Sauti akaipakua, akaifungua, ikajifunga. Akaifungua tena, ikajifunga tena.

"Ina mlinzi wa kuzuia wadanganyifu," akaeleza. "Hautambui mfumo huu, kwa hiyo ananitoa mlangoni kama mwizi. Mkalimani hapo hafui dafu."

"Nani kakwambia?"

"Fundi."

"Bila shaka."

Sauti akavua hedifoni. "Sema lililo moyoni, mpenzi. Usinizungushe."

"Nasema tu. Mfumo kachagua yeye. Mchezo wake unakwenda, wangu haukwendi. Ni bahati hiyo?"

"Unamwonea wivu mtu anayenirekebishia kompyuta."

"Namwonea wivu mtu anayekuchekesha."

Alikuwa amesema kweli, lakini aliisema kwa sauti ya ugomvi, ikapotea humo humo. Sauti akageukia skrini.

Siku chache baadaye, Sauti akiwa kazini, Kinyozi alibisha hodi kwa shangazi. Akasema anataka kumwandalia mwenzake jambo la kumfurahisha. Shangazi akamfungulia, akarudi jikoni. Mfukoni Kinyozi alikuwa na flashi aliyopewa na mteja wake, yenye toleo la zamani la mfumo aliokuwa nao Sauti mwanzo. Alijiambia kwamba anafanya hivi ili wacheze mpira pamoja, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo.

Kompyuta ikaanza kumuuliza maswali, naye akayajibu. Kisha ikamwandikia kwamba kila kilichomo kwenye diski kitafutika moja kwa moja. Je, ana hakika?

Akasoma. Akasoma tena. Akilini akaiona reli, stesheni zenye majina ambayo marehemu baba yake Sauti, aliyekuwa dereva wa treni, alikuwa akiyabuni kwenye hadithi za kumlaza bintiye. Akaona pia madaraja ya Fundi Kimya, yamesambaa katikati ya stesheni hizo kama mikono ya mtu aliyekumbatia.

Akabonyeza ndiyo.

Sauti alirudi angali na sare ya kazi, skafu ya buluu shingoni. Kinyozi akamkalisha mbele ya skrini, mpira umekwisha kufunguka, uwanja kijani kibichi.

"Umeona? Sasa unakwenda."

Sauti hakuutazama uwanja. Akafungua hapa, akafungua pale. "Reli yangu iko wapi?"

"Mpenzi, sikujua. Nilipoweka mfumo ilijifuta yenyewe."

"Ilijifuta yenyewe."

"Haki ya Mungu sikujua."

Sauti akaiweka mikono mapajani. Alipoongea, aliongea kwa sauti ile ya stesheni, safi na baridi, ya kumtangazia mtu asiyemfahamu. "Naomba uondoke."

Watu wakiachana, angalau huwa wanapumzika kusikia sauti za wenzao. Kinyozi hakupata hata hilo. Kila asubuhi ilimwagika juu yake kutoka kwenye spika, ikimwambia asimame nyuma ya mstari, naye akasimama, macho chini, asithubutu kutazama kibanda. Simu haikupokelewa. Saluni akaanza kukata nywele kombo, mpaka mteja wake wa zamani akamuuliza kama amefiwa.

Mwishowe akaenda kwenye lile jengo. Fundi Kimya alikuwa pale pale, nyuma ya kaunta.

"Nifundishe kuweka ule mfumo," Kinyozi akasema. "Nimebomoa mwenyewe, nataka kujenga mwenyewe."

"Umechelewa. Nimeshauweka."

"Na reli?"

"Nilikuwa na nakala kwangu, ya tangu tulipoanza kucheza pamoja. Nimempa. Alizojenga peke yake baadaye ndizo zimepotea."

Kinyozi akashika ukingo wa kaunta. Mtu aliyemwendea kumwomba msaada alikuwa amekwisha kufanya yote, na hakubakiza hata msumari. "Wewe unampenda," akasema.

Fundi akapuliza moshi wa waya. "Nampenda. Nilimwambia siku niliyompelekea nakala."

"Akasemaje?"

"Miguu unayo. Kamuulize."

Kinyozi akaenda kwa miguu, maana hakuweza kukaa kwenye chombo chochote akatulia. Njia nzima aliwaona akilini Sauti na Fundi kwenye kochi alilozoea kukaa yeye. Alipobisha, shangazi ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umekuja kufuta nini?"

Lakini akampisha. Sauti alikuwa kwenye kompyuta, kanga mabegani, hedifoni juu ya meza. Hakumkaribisha kiti. Kinyozi akasimama.

"Nilikudanganya," akaanza. "Iliniuliza kama nina hakika. Nilisoma maneno yote, nikajua kwamba reli itakwenda. Nikabonyeza. Sikutaka madaraja yake yawepo mle ndani."

Sauti akageuka kumtazama. "Nilijua. Kompyuta haifuti kitu bila kuuliza. Nilikuwa nangoja kuona utakuja na ua au utakuja na ukweli."

"Fundi ameniambia alichokwambia."

"Ndiyo. Ni mtu mwema. Ningeweza kumpenda, na nilijaribu siku mbili tatu hivi, kwa kukukasirikia." Akavuta kanga. "Haikuwezekana. Asubuhi nikiwa kibandani nilikuwa natafuta kichwa chako tu chini kule. Na wewe umekiinamisha."

Kinyozi akainua kichwa.

"Lakini sikia. Sitaacha kucheza naye. Amesema Jumapili atakuja mchezoni kama kawaida, hata kama inamuuma. Huwezi kunipangia nicheke na nani."

"Sitakupangia. Itanichoma, ila sitakupangia."

"Na diski yangu?"

"Sitaigusa mpaka nife."

Sauti akasogea upande mmoja wa benchi alilokalia. Kinyozi akakaa. Kwenye skrini nchi ilikuwa nusu tupu, reli zinaishia porini. Sauti akamfundisha kutandika kipande kimoja cha reli, kikapinda vibaya.

"Nilikuwa nataka kukuomba unioe," Kinyozi akasema, macho kwenye kile kipande. Kisha akayasikia aliyoyasema. "Yaani, nikuoe."

"Hivyo hivyo ulivyo na wivu?"

"Nisubiri uishe?"

"Mwanamume mwenye akili angesema umekwisha."

"Haujaisha. Hata sasa naitazama hiyo hedifoni."

Sauti akaanza kucheka, kidogo kidogo, halafu kile kicheko kirefu cha tumboni kikamtoka, mpaka shangazi akachungulia kutoka jikoni kuona kumetokea nini.

"Niulize tena," akasema akifuta machozi, "na safari hii uyapange maneno vizuri."

Akamuuliza.