Mganga Asiye na Mwenyewe

Haya sikusimuliwa na jirani. Yalitokea kwenye meza yangu mwenyewe, ile ninayokatia vitambaa, na mpaka leo hasira ninazo nyingi kuliko woga.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndipo ninapofanyia kazi: cherehani dirishani, meza katikati, nguo za wateja zimetundikwa ukutani. Mama, mzee sasa, analala chumba kinachofuata. Kila Jumamosi mchana mdogo wangu huniondolea mkasi na chaki mezani, anatandaza ramani ya ufalme usiokuwepo duniani, na rafiki zake watatu wanakuja kucheza. Kila mmoja anajifanya shujaa, mdogo wangu anasimulia hatari zinazowakuta, na dadu inaamua nani kapona, nani kaumia. Mashujaa wenyewe ni vifungo vyangu vya makoti.

Nisingejali kama wangecheza. Wao kazi yao ilikuwa kubishana. Mmoja wao, fundi bomba, alikuwa mpiganaji, na kwake yeye asiye na upanga ni mzigo tu. Mwalimu wa hesabu alikuwa mchawi, na alishapiga mahesabu akaona moto wake mmoja unashinda mapanga yote ya fundi bomba. Fundi simu alikuwa mnyatiaji, akiapa kwamba bila yeye kutegua mitego wote wangeshaoza. Mchana mzima unakwisha hivyo, nami nashona suruali ya mtu anayeitaka jioni, kelele zimenijaa kichwani.

Walikubaliana jambo moja tu: hakuna aliyetaka kuwa mganga.

"Kufunga watu vidonda? Sikuja hapa kuwa nesi wenu," alisema fundi bomba.

Lakini bila mganga walikuwa wanakufa kila safari. Mdogo wangu akaweka kifungo cheupe mezani, akasema huyu ni mganga asiye na mwenyewe, atamchezesha yeye. Mwalimu akaruka.

"Mganga wa bure? Anatibu na hapungukiwi kitu? Huyo ametuzidi wote. Lazima matibabu yawe na gharama."

"Gharama alipe nani?"

"Asilipe shujaa. Uhai achukue kwa mtu asiyepigana aliye karibu zaidi. Raia yeyote. Raia wako tele, hawamaliziki."

Wakacheka. Mdogo wangu akapitisha, ikawa sheria. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, natunga uzi kwenye sindano.

Siku hiyohiyo mpiganaji alichomwa mkuki, mganga akamtibu. Dadu ilipotulia, kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kilikufa ganzi. Nikadhani nimeulalia mkono vibaya, nikaendelea kushona.

Jumamosi iliyofuata kilikwenda cha pili. Wao walikuwa wanashangilia mchawi kupona, mimi nimekodolea macho mkono wangu. Iliyofuata tena, viwili kwa pamoja. Hata siku za katikati ya wiki ganzi haikuondoka. Nilikwenda hospitali, wakanipima, hawakuona kitu. Wateja wakaanza kurudisha nguo: mshono umepinda, pindo limeachia. Mkono ule ndio unaotulisha mimi na mama. Siku moja pasi iliniunguza, nikajua kwa harufu.

Jumamosi ikafika tena, nikasimama mbele ya meza yao.

"Huyo mganga wenu ananimaliza vidole."

Fundi bomba akacheka. Nikachukua sindano, nikaichoma kwenye kidole changu mpaka ikatokea upande wa pili. Sikukunja uso. Kicheko kikakatika.

"Futeni hiyo sheria. Sasa hivi."

Unadhani waliifuta? Walianza kubishana! Mwalimu akasema tukiifuta mganga atakuwa na nguvu kupita wote. Fundi simu akasema basi tumpunguzie dawa. Fundi bomba akasema ukimpunguzia dawa mpiganaji ndiye atakayeumia, kwa sababu mchawi anajificha nyuma. Mimi nimesimama na sindano kidoleni, watu wazima wanapima nani kapunjwa. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya maumivu.

Nikakishika kile kifungo cheupe nikinyakue, nikitupe dirishani.

Hakikutoka mezani.

Mdogo wangu akajaribu. Fundi bomba akajaribu kwa mikono miwili. Kilikuwa kimetua tu juu ya karatasi, wala hakikugandishwa na kitu. Meza ilisogea. Kifungo hakikusogea.

"Tumalize mchezo," mwalimu alinong'ona. "Limebaki joka tu. Likifa, mchezo umekwisha. Na mganga naye atakwisha."

"Dada," mdogo wangu akasema, bila kunitazama. "Leo tu."

"Malizeni. Ila mimi sikai karibu na nyinyi."

Nikachukua mkoba nikatoka. Nilitembea mpaka duka la nyuzi, mtaa wa tatu. Nikasimama kaunta nikikunja na kukunjua vidole vilivyobaki. Vizima. Vyote vizima. Nikacheka peke yangu kwa raha.

Muuza nyuzi akanisalimia. "Na mama je? Umemwacha na nani?"

"Amelala tu, chumba cha..."

Sikumaliza. Niliacha mkoba kaunta.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Mlango ulikuwa wazi. Wote wanne walikuwa wamesimama, midomo imewakauka.

"Tumeshinda," mdogo wangu alisema kwa sauti ya msibani.

"Mganga mlimtumia?"

Mdogo wangu akainamia ramani.

"Mara ngapi?"

"Joka lilituunguza wote, dada. Kila mara. Kila mara."

Nikasukuma mlango wa mama.

Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Chupa ya chai iko wazi pembeni yake. Kikombe cha bati amekikumbatia kwa viganja vyote viwili. Mvuke unapanda.

"Mama. Hicho ni cha moto."

"Cha moto wapi, mwanangu? Kimepoa hiki."

Nilipokitoa, ngozi ya viganja ilibaki kwenye bati. Hakushtuka. Alinitazama akitabasamu.

"Mgeni wenu ana adabu," alisema taratibu. "Aliingia kunisalimia. Akaketi hapo miguuni. Mikono yake baridi! Alikuulizia wewe kwanza. Nikamwambia umetoka."

"Akasemaje?"

"Akasema basi, hata mimi nafaa. Akanishika mikono. Halafu miguu."

Mama hajasimama tena tangu siku hiyo. Tunamlisha, tunamgeuza. Wale watatu hawaji. Mwalimu alituma ujumbe mmoja tu, wa pole, na chini yake akaandika kwamba kwa hesabu zake sheria ilikuwa ya haki kwa wote. Niliusoma mara mbili, nikaitupa simu ukutani.

Na miguuni mwa kitanda pamebonyea, upana wa mtu aliyeketi. Tumegeuza godoro. Tumenunua jipya. Pamebonyea palepale. Nikipitisha kiganja juu ya shuka, kwa huu mkono mmoja uliobaki unahisi, pana baridi ya mtu ambaye hajanyanyuka.