Mlangoni Waliingia Wawili

"Stefania mwanangu, kanifuatie shati la Abilahi ofisini. Mganga wa Kikole anataka nguo yenye jasho lake."

Bi Mastura aliniambia hivyo jua likizama. Ilikuwa mwaka 1996, hapa Lindi mjini. Abilahi, mwanawe, alikuwa bosi wangu katika ofisi ya kuchapa barua. Siku ya tatu hiyo yuko kitandani, macho wazi, hasemi. Miguu tu ndiyo ilikuwa ikienda chini ya shuka, kama ya mtu anayekimbia.

Nilichukua ufunguo nikaenda.

Nilipofungua mlango, harufu ya udi ikanipokea. Halafu nikasikia... ti. Ti. Ti.

Kompyuta ilikuwa inawaka.

Abilahi aliinunua mnadani Dar, ya mtumba, na ndani yake akakuta gemu. Mtu mdogo anakimbia kwenda kulia, anaruka mashimo, anapanda ngazi, mpaka afike kwenye mlango. Wateja wakiadimika tulikuwa tunacheza kwa zamu. Mtu yule siku zote alivaa nyekundu.

Jioni hiyo alivaa shati la kijani, kama lile la Abilahi nililotumwa. Na alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, vilevile kama Abilahi.

Kiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyegusa kibodi.

Nyuma ya mtu yule mdogo, upande wa kushoto wa kioo, kulikuwa na kitu cheusi kisicho na umbo. Kilikuja polepole tu... kikimeza miti, kikimeza ngazi...

Mtu mdogo akaruka shimo. Hakufika ng'ambo. Akatumbukia.

Juu ya kioo, palipoandikwa idadi ya maisha yake, mbili ikawa moja.

Nikapiga ishara ya msalaba, nikaketi. Nikagusa kitufe cha kulia, akakimbia. Nikagusa cha kuruka, akaruka. Kumbe alikuwa ananingoja mimi.

"Twende, bosi," nikanong'ona. "Twende."

Shimo la kwanza. La pili. Ngazi. Kile cheusi kilipokaribia, harufu ya udi ilizidi. Kitu kikapumua nyuma ya sikio langu, taratibu, kama kinatazama ninavyocheza.

Sikugeuka.

Mlango ukatokea. Nikabonyeza. Akaruka, akaingia, na kioo chote kikawa giza.

Nilikimbia hadi kwao bila lile shati nililotumwa.

Nilimkuta Abilahi ameketi, anakunywa maji. Bi Mastura alikuwa analia, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," akatoka kwenda kumwita mganga. Abilahi akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi.

"Nilikusikia, Stefania. Ulikuwa unaniambia twende."

"Yamekwisha, bosi."

Akatikisa kichwa.

"Ulichelewa kidogo kubonyeza. Mlangoni tuliingia wawili."

Kompyuta tuliizamisha baharini, kama mganga alivyoagiza. Ilikuwa ya nani kabla yetu, hakutaka hata kuulizwa. Abilahi alihamia Mingoyo mwezi uleule, anauza vitenge. Bi Mastura alikataa kuiacha nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Alisema tu kwamba kila magharibi kuna mtu hukimbia ukumbini, huku na huku, huku na huku.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Nilibisha hodi mara tatu. Alikuwa ndani, nikimsikia akisoma dua, lakini hakufungua mpaka jirani aliponiita kwa jina.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Yule wa ukumbini naye hubisha. Kwa sauti yako."