Shahidi wa Bibi Maulida

Kila aliporudi kutoka shuleni, Swabaha alikuwa na kazi mbili kabla ya kugusa chakula. Ya kwanza ilikuwa kuvua sare. Ya pili ilikuwa kutia uzi kwenye sindano kumi za bibi yake na kuzichomeka zote kwenye kimto kidogo cha pamba. Zikiisha, sauti ilisikika kutoka barazani: "Swabaha, nimeishiwa!" Naye alikwenda kutia nyingine.

Waliishi Kaloleni, nyuma ya uwanja wa mpira, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja la maji kwa wapangaji wote. Walikuwa watatu tu. Swabaha alikuwa darasa la sita. Mama yake alifungasha maua kwenye shamba moja huko Usa River, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Wa tatu ni Bibi Maulida, mama yake mama, aliyeshinda barazani na cherehani yake.

Bibi Maulida alishona vitambaa vya meza. Si vile vya kufunika meza nzima, bali vile virefu vyembamba vinavyopita katikati ya meza na kuning'inia kidogo huku na huku. Alivishona kwa vipande vya vitenge ambavyo mafundi huvifagia chini ya cherehani na kuvitupa. Fundi Khalfani, aliyeshonea karibu na uwanja, alimwekea mfuko mzima kila Ijumaa. Bibi aliviunga vipande kimoja kimoja, chekundu kwa cheupe, cha njano kwa cha bluu. Chini yake aliweka kipande cha blanketi jepesi, chini ya blanketi kitambaa kingine, kisha akapitisha mishono ya mkono juu ya vyote vitatu mpaka kikawa kinene na laini. Watu walidhani vimetoka dukani. Wee! Dukani wapi? Vilitoka kwenye takataka za Fundi Khalfani.

Tatizo lilikuwa macho. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu, na watu wazima walisema ni mtoto wa jicho. Mama alikuwa amempa nauli aende hospitali kupimwa. Bibi aliporudi alisema daktari amemwambia asubiri kwanza, na maneno yakaishia hapo. Mikono yake ilijua njia yenyewe, kwa hiyo kushona alishona. Rangi ndizo zilizomshinda. Nyekundu na kahawia kwake vilikuwa kitu kimoja.

Sasa, vitenge vingine vinachuja rangi. Ukikishona kipande kinachochuja pembeni ya kipande cheupe, siku kitakapoguswa na maji, cheupe nacho kimeharibika. Kwa hiyo Bibi hakushona kipande chochote kabla hakijalala kwenye maji ya chumvi usiku kucha na kusuuzwa. Baada ya hapo kilipelekwa kwa shahidi. Shahidi alikuwa kitambaa cheupe, kipana kama kiganja cha mkono. Walikikandamiza juu ya kipande kibichi, wakahesabu mpaka ishirini, wakakiinua. Kikiwa na doa, kipande kilirudi kwenye chumvi. Kikiwa safi, kipande kiliingia kwenye kikapu cha kushonea. Vile ambavyo havijapimwa vilikaa kwenye mfuko wa bluu.

"Huyu shahidi hana ndugu wala rafiki," Bibi alipenda kusema. "Anasema alichokiona, basi."

Lakini aliyemtazama shahidi alikuwa Swabaha. Bibi hakuweza tena.

Mwezi wa sita Bibi alipata kazi kubwa. Dada Paskalina, msimamizi wa chumba cha kulia katika loji moja ndogo ya Usa River, aliagiza vitambaa sita kwa mpigo. Bibi alifurahi jamani! Aliwasimulia wapangaji wote habari hiyo, hata wale ambao hawakuuliza.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Swabaha alikuwa amechuchumaa bombani na beseni la vipande vyekundu. Maji ya kwanza aliyamwaga yakiwa mekundu kama juisi ya rozela. Ya pili yalikuwa na rangi ya waridi, na ya tatu yalionekana kama safi. Akamkandamiza shahidi, akahesabu haraka haraka, akamwinua. Katikati palikuwa na doa la waridi. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo.

"Swabaha! Wewe!" Rafiki yake Nashipae alikuwa amesimama getini, mpira kwapani. Yeye ndiye nahodha wa timu yao ya mpira wa pete, na walikuwa wameanza kujiandaa kucheza mwezi uliofuata na shule moja ya Kikatiti. "Mwalimu ameshafika uwanjani. Usipokuja sasa hivi, nafasi yako ya kufunga anapewa mtu mwingine!"

"Nakuja! Dakika moja!"

Dakika moja ipi? Kuvirudisha vipande kwenye chumvi ni mpaka kesho yake.

"Mjukuu wangu," Bibi aliita kutoka barazani, "shahidi anasemaje?"

Swabaha alilitazama lile doa. Akamtazama Nashipae.

"Mweupe, Bibi."

"Mweupe kabisa?"

"Mweupe pee!"

"Alhamdulillahi. Haya, anika, ukacheze."

Alianika, akamsokomeza shahidi mfukoni, akakimbia. Siku hiyo alifunga mabao saba. Jioni alimficha shahidi ndani ya jalada la daftari la hisabati, akakata kitambaa kingine cheupe kiwe shahidi mpya. Alijiambia kuwa doa lile lilikuwa dogo sana, na kwamba vikikauka juani rangi ingetulia. Vipande vikaingia kwenye kikapu, na kutoka kikapuni vikaingia kwenye vitambaa sita. Mama akavipeleka Usa River.

Wiki mbili zilipita. Swabaha akaanza kusahau. Halafu Jumatano moja alasiri, akiwa anatia uzi kwenye sindano ya nne, alisikia hodi getini.

"Shikamoo Bibi," alisema Dada Paskalina. Alikuwa na mfuko mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kuagiza vingine.

"Marahaba, mwanangu. Karibu! Swabaha, mletee dada yako kigoda."

Dada Paskalina aliketi, akavitoa vitambaa na kuvitandaza kwenye mkeka. Alisema vilikuwa vimependwa sana na wageni. Lakini vilipofuliwa mara ya kwanza, kwa maji baridi tu, wekundu ulitoka na kuingia kwenye vipande vyeupe. Vyote sita vilikuwa hivyo.

Bibi alivipapasa kwa vidole. Alikileta kimoja karibu na uso, akakiinua kwenye mwanga, akakishusha. "Rangi imesambaa sana?" aliuliza.

"Sana, Bibi."

Swabaha alisimama nyuma ya cherehani, sindano mkononi.

"Swabaha alivipima vile vyekundu," Bibi alisema taratibu, kama mtu anayehesabu. "Akaniambia shahidi ni mweupe. Na Swabaha hanidanganyi." Alikirudisha kitambaa mkekani. "Basi ni mimi. Nimeingiza mkono kwenye mfuko wa bluu nikidhani ni kikapu. Nimeshona vipande ambavyo havijapimwa. Nisamehe, mwanangu. Mikono yangu nayo imeanza kunisaliti."

"Usiseme hivyo, Bibi," alisema Dada Paskalina kwa upole. "Ila nina wageni wengi Jumamosi ya wiki ijayo. Kama imekuwa vigumu kwako, nitamtafuta mtu mwingine. Sitaki kukusumbua."

"Mtafute," alisema Bibi. "Ni haki yako."

Dada Paskalina alipoondoka, Bibi alichukua kanga yake iliyokuwa kwenye kamba, akaifunika cherehani. Aliinamisha kichwa na kuanza kuchomoa sindano kwenye kimto, moja moja. "Nenda kwa Fundi Khalfani," alimwambia Swabaha. "Mwambie aje aichukue hii cherehani. Aliniambia siku nyingi kuwa anaihitaji. Mimi nimemaliza."

"Bibi..."

"Nenda, mama. Kabla hajafunga."

Swabaha alitoka. Kutoka nyumbani mpaka kwa Fundi Khalfani si mbali, ni vichochoro viwili tu, lakini siku hiyo alivitembea kama anakwenda Moshi kwa miguu. Alimkuta Fundi anakata suruali.

"Ehee, Swabaha! Bibi anasemaje?"

Alifungua mdomo. Aliona mbele ya macho yake cherehani ikibebwa, na baraza tupu, na Bibi akiwa ameketi hana la kufanya na mikono yake. Mikono ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Anakusalimu," alisema, kisha akageuka na kukimbia kurudi nyumbani.

Aliingia ndani kwanza. Alichomoa daftari la hisabati, akavuta jalada. Kisha akatoka barazani, akapiga magoti kwenye mkeka, akakiweka kile kitambaa kwenye kiganja cha Bibi.

"Fundi anakuja?" aliuliza Bibi. Akakipapasa kitambaa. "Hiki ni nini?"

"Shahidi, Bibi. Yule wa Jumamosi ile." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Ana doa. Alikuwa na doa tangu siku ile. Uliniuliza nikasema mweupe, kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Hukukosea mfuko, Bibi. Hukukosea kitu chochote. Ni mimi."

Vidole vya Bibi viliendelea kukigeuza kile kitambaa kana kwamba lile doa lingeweza kushikika. Swabaha alisubiri kugombezwa. Alitamani kugombezwa.

"Kwa hiyo mikono yangu ni mizima," Bibi alisema mwishowe. "Swabaha, kwa dakika hizi chache nilikuwa nimeshajizika mwenyewe. Unajua?"

"Nisamehe, Bibi."

"Sogea hapa." Alimvuta, akamlaza kichwa mapajani. "Nimekasirika. Nisikufiche, nimekasirika sana. Vitambaa sita! Lakini sikiliza. Vitambaa vinafumuliwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuamini wewe nikaacha kujiamini mimi. Ukimdanganya mtu asiyeona, hujamficha doa tu. Unamfanya aanze kuikana mikono yake mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Jumamosi utafuatana na mama yako mpaka Usa River, umwambie Paskalina kwa mdomo wako. Si mimi, wewe."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alikohoa. Akaivuta kanga kutoka kwenye cherehani, akaikunja, akaikunjua.

"Na mimi nina doa langu," alisema. "Siku ile mama yako aliponipa nauli ya hospitali ya macho, sikufika. Nilishuka njiani, nikakaa kwa rafiki yangu nikanywa chai mpaka saa nane. Niliogopa. Mtu anakuja na kisu kwenye jicho lako, hebu fikiria! Nikarudi nikamdanganya kuwa daktari kasema nisubiri."

Swabaha aliinua kichwa. "Bibi! Wewe?"

"Mimi. Usinitolee macho hivyo. Mama yako akirudi jioni, wewe utasema lako na mimi nitasema langu. Tutaketi benchi moja."

Na kweli jioni ile waliketi benchi moja. Mama aliwasikiliza wote wawili akiwa bado amefunga kilemba cha kazini. Alimtazama mwanawe, akamtazama mama yake. "Sijui nianze kumchapa nani," alisema, kisha akaanza kucheka, na Bibi naye akacheka, na Swabaha akacheka huku kamasi zinamtoka.

Jumamosi Swabaha alisimama mbele ya Dada Paskalina na kusema yote, akiangalia viatu vyake mpaka nusu, halafu akainua uso. Dada Paskalina alimsikiliza mpaka mwisho. "Bado sijampata mtu mwingine," alisema. "Nawapa wiki hii moja. Ila nitavilowesha mwenyewe kabla ya kuvipokea."

Wiki ile Swabaha hakwenda mazoezini. Nashipae alinuna siku moja tu. Siku ya pili alikuja na wembe wa kufumulia, akaketi mkekani. Walifumua vipande vyekundu, wakafumua na vyeupe vilivyoharibika. Swabaha alilaza vipande vipya kwenye chumvi, akasuuza, akapima.

"Shahidi anasemaje?" aliuliza Bibi.

"Ana doa, Bibi. Dogo."

"Rudisha."

Alirudisha. Kesho yake akapima tena, na alipotamka "mweupe," alimwonyesha Nashipae kwanza, kisha Mama. Ijumaa vitambaa vilifika Usa River. Dada Paskalina alivitumbukiza kwenye ndoo, akavikamua, akavianika kwenye jua. Hakuna rangi iliyohama. Aliagiza vingine vinne. Ile mechi na Kikatiti walishindwa kwa bao moja, na Nashipae alilikumbushia bao hilo mpaka shule ilipofungwa.

Mwezi wa nane Bibi Maulida alikwenda hospitali, Mama upande mmoja, Swabaha upande wa pili, asije akashuka njiani. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji. Kesho yake bandeji ilipotolewa, aliangalia ukuta, akaangalia dirisha, akamwangalia Swabaha. "Kumbe umerefuka hivi!" alisema, akalia.

Waliporudi Kaloleni, kitu cha kwanza alichoomba ni yule shahidi wa zamani. Swabaha alimletea kwa aibu. Bibi alimshika kwenye mwanga.

"Hili ndilo doa lenyewe? Mbona dogo? Mimi nilidhani ni kama sahani."

"Mimi niliona kubwa, Bibi. Kila nikifungua daftari niliona limekua."

"Ulilibeba peke yako, ndiyo maana. Na mimi langu nililibeba mwaka mzima. Siku nyingine ukiwa na doa, njoo unionyeshe lingali bichi. Likiwa bichi linatoka." Alikikunja kile kitambaa na kukiweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani. "Haya, niletee sindano na uzi."

"Nikutilie ngapi, Bibi?"

"Hata moja. Kaa hapo unitazame." Alilamba ncha ya uzi, akafumba jicho lile ambalo bado lilikuwa na ukungu. Akakosa. Akakosa tena. Mara ya tatu uzi ukapita.