Kengele ya Hermes

Rashidi alikuwa anakimbia na rulo ya mashine ya kuandika kwapani.

Askari Nadège nyuma yake, Makarov mkononi, kinywa kimejaa vumbi na matusi.

"Simama!"

Hakusimama. Hakugeuka hata kuangalia ni nani anamfukuza. Alikata katikati ya meza za nyanya za soko la Baraka, akapindua beseni la ndagala, akaruka mfereji. Bamama walipiga kelele. Nadège alilenga mgongo wake, akaona mtoto amebebwa na muuza chumvi pale pale mbele, akateremsha bastola.

Rashidi akapotea nyuma ya mabati ya depo ya Eugène.

Nadège alilipiga bati teke mpaka kidole kikauma.

Radio ya Motorola ikakoroma kiunoni: mkubwa wake.

"Sangala, hapa Kilima. Umemushika?"

"Hapana, shefu. Ameingia kwa Eugène. Nivunje mulango?"

"Usivunje. Eugène atasema hajaona kitu, avoka yake wa mahakamani ataniamkia kwenye biro. Nataka mwenye dhahabu na dhahabu yake mukononi."

"Na mama Solange?"



"Bamemufunga kwenye kasho, Fizi. Kama hatuna mwenye dhahabu, Ijumaa gari litamubeba Uvira. Kule si mi naamuru."

Nadège alizima radio kabla hajamtukana mkubwa wake.

Solange alikuwa mama yake mdogo. Tangu zamani alikaa mbele ya biro ya teritwari, ofisi ya serikali Fizi, na mashine yake ya kuandika, Hermes Baby ya kijani, ndogo, ya kubeba kwa mkono. Askari gani hakuandikiwa karatasi pale? Mwalimu gani? Ndiyo maana kwenye kila baryera ya barabarani askari walikuwa wanasema, "Ah, mashine ya mama Solange, pita." Hakuna aliyeifungua.

Eugène, mwenye depo na mafundi Baraka, alikuwa analijua hilo.

Uzi wa mashine ulipokatika, Solange aliipeleka kwake Baraka itengenezwe. Akaitengeneza kweli! Alitoa rulo ya mpira inayoshika karatasi, akaweka rulo ya dhahabu ya machimbo ya Kilembwe iliyovishwa ngozi nyeusi ya mpira. Halafu akamtuma kijana wake Rashidi kuivusha kwenda Kazimia, kwenye mashua za ng'ambo ya ziwa.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu baryera ilikuwa na askari mgeni. Huyo hakumjua Solange wala karatasi zake. Alifungua, akakwaruza rulo na ukucha, ikang'aa njano. Rashidi aliinyakua, akaruka juu ya pikipiki. Mashine ikabaki. Na wale wakubwa, badala ya kufuata mwenye kukimbia, walienda kufunga mwenye kukaa: Solange, kwa sababu mashine ni yake.

Kasho ya Fizi ilinuka mkojo. Solange alishika chuma za dirisha kama anataka kuzing'oa.

"Umekuya kunifungua ao kunililia?"

"Kukuuliza, mama mudogo. Ile rulo yao, inaweza kuingia mashine ingine?"

"Hermes inaingia Hermes tu. Ingine itaitapika."

"Basi Eugène anatafuta Hermes. Ng'ambo banangoja mashine ya kuandika. Rulo peke yake, kila duane ya mupaka itauliza ni nini. Nani tena iko nayo hapa?"

"Anatole, katekista. Bahili yule! Alininyima hata utepe." Akasogeza uso karibu. "Nadège. Huyu anayenichunga hapa, karatasi yake ya ndoa mi niliandika. Jana ananiita mwizi. Mbele ya batu!"

Alikuwa halii. Alipiga chuma za dirisha kwa kiganja, na Nadège akaenda kwa Anatole.

Anatole alitoa sanduku chini ya kitanda, lakini mkono wake haukuliachia.

"Hii imeandika ubatizo wa baba yako na mama yako."

"Na leo itafungua kasho, baba."

"Utarudisha?"

"Nitarudisha."

"Bote banasemaka vile vile," alisema mzee, akaachia kidole kimoja kimoja.

Ndani mende walikuwa wamejenga. Kutu, vumbi, herufi zimeshikana kama meno ya mgonjwa. Nadège alikunja mikono ya shati. Utoto wake wote alikaa miguuni pa Solange akimshikia bisibisi, hakuhitaji kufundishwa. Aliosha mashine kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Uzi unaovuta kichwa cha mashine ulikuwa umeoza. Akaweka nailoni ya nyavu, akaifunga fundo la wavuvi. Alipiga herufi moja. Ikanata. Akapiga tena, na tena, kwa nguvu, kama kila herufi ni jino la Eugène.

Ikaachia.

Ilibaki kengele, ile inayolia mstari ukifika mwisho. Nyundo yake ilikuwa imekatika springi.

Nadège aliiangalia muda mrefu. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Hakuweka springi. Alitundika nyundo na nailoni nyembamba. Mashine ikisimama, imeshikwa kwa mpini wake, nyundo iko mbali, kimya. Ikikaa mezani, kimya, mpaka mtu aandike. Lakini ikilala na kuyumba, nyundo inagusa.

Na Kazimia hakuna mzigo unaofika mashuani kwa mkono. Bamama wanabeba kichwani.

Nadège aliingia depo ya Eugène na kitambaa mpaka machoni, miguu imepakwa tope, sauti ya mjane.

"Patron, bwana amekufa, ameniachia hiki kichuma. Kinakusaidia?"

Eugène alikuwa amevaa shati jeupe, simu ya Thuraya mezani. Alifungua kifuniko. Mkono wake ulisimama hewani.

"Hermes," alinong'ona.

Alilipa bila kubishana. Mtu wa Baraka, mfanyabiashara, hakubisha! Nadège alitamani kumkaba pale pale. Aliinamisha kichwa, akasema aksanti patron, akatoka.

Kazimia, asubuhi ya soko, siku moja kabla ya Ijumaa.

Mashua yenye injini ya Yamaha ilikuwa inanguruma. Bamama wa kubeba walishuka kwa mstari, vikapu vya ndagala kavu kichwani, shingo zimenyooka, wakitukanana na kucheka. Tangu habari ya baryera, askari walifungua kila sanduku. Vikapu vya samaki hawakuvigusa. Nani anataka kunuka mpaka jioni, na kutukanwa juu yake?

Nadège alisimama kando ya ubao wa kupandia, pikipiki yake ya TVS nyuma, Makarov chini ya kitenge.

Kikapu kilipita. Kimya. Kingine. Kimya.

Ting.

Mama mmoja mnene aliangalia juu, kama ndege imemlilia kichwani. Alipiga hatua.

Ting.

"Mama, simama."

"Miye nabeba tu!" alipayuka mama, jina lake Divine. "Muntu ananiambia beba, nabeba! Sasa samaki inalia kengele, ni kosa yangu?"

"Najua, mama. Shusha polepole."

Nadège alizamisha mikono katika ndagala, akatoa mashine. Ilikuwa nzito kuliko alivyoiuza. Nzito sana.

"Ya nani?"

Pembeni, Eugène aliangalia ziwa kama mtalii. Rashidi karibu yake, kofia mpaka machoni, alijikuna shingo.

"Haina mwenyewe?" Nadège alipanda ubao. Chini yake maji yalikuwa meusi. "Hapa nahodha mwenyewe hajui chini iko wapi. Kitu bila mwenyewe, ziwa itabeba."

Aliyumbisha mashine mara moja. Ting.

Akaiyumbisha tena, juu zaidi.

"Usitupe!" Sauti ya Eugène ilipasuka. "Ni yangu! Usitupe, ni yangu!"

Kazimia nzima ilisikia.

Rashidi alichomoa kisu, akaruka ubaoni. Nadège hakugusa Makarov. Alizunguka na mashine mikononi, na dhahabu yote ya Kilembwe ikampata Rashidi kwenye taya.

Alianguka majini kama gunia.

"Mutoeni," Nadège aliwaambia askari. "Na huyu wa shati nyeupe, mufunge. Amejiita mwenyewe."

"Tunaweza kusikilizana, dada..." Eugène alianza.

"Mi si dada yako. Mama mudogo wangu iko kwenye mavi tangu Jumatatu juu yako. Funga kinywa."

Akabonyeza radio.

"Kilima, hapa Sangala. Mwenye dhahabu, na dhahabu yake."

"Kazi nzuri, Sangala."

"Fungua kasho, shefu. Sasa. Si kesho."

Solange alitoka bila kumwangalia mtu. Meza yake ilikuwa pale pale mbele ya biro, na Hermes yake ya kijani juu yake, na rulo yake ya mpira iliyookotwa depo kwa Eugène. Mkubwa wa kasho, yule aliyemwita mwizi, alikuja, kofia mkononi.

"Mama, pole. Ni makosa ya kazi..."

"Ulinitukana mbele ya batu." Solange aliingiza karatasi. "Kaa. Sema tena hiyo pole yako, polepole, na jina yako yote. Naandika. Halafu utaisoma sokoni."

Mkubwa aliangalia Nadège.

Nadège alivaa miwani yake ya Ray-Ban.

"Kaa," alisema.

Mkubwa akakaa. Nadège alifunga mashine ya Anatole, nayo imerudishiwa rulo yake, nyuma ya TVS, imelala, akawasha. Alisikia kengele ya Solange ikilia mwisho wa mstari wa kwanza. Hakugeuka. Njia ilikuwa mashimo matupu mpaka kwa katekista, na kila shimo lilimjibu mgongoni.

Ting.